Sawa Zote za Baba

Ta. Ta. Ta-ta.

Nyumba ilikuwa bado giza, majirani hawajafungulia maji, na nyuma ya ukuta mwembamba ukucha wa baba ulikuwa ukigonga kioo cha simu. Uligonga, ukapumzika, ukagonga tena, kama kuku anayedonoa punje moja moja. Binti yake alikuwa amelala macho wazi akiusikiliza. Baba anaandika. Aliandika muda mrefu sana, mpaka weupe wa asubuhi ukaanza kupita chini ya mlango. Kisha ukucha ukatulia, ukagonga tena mara chache tu, na sauti ya mashine ikasema, bila haraka wala furaha:

"Maji."

Mama akasikika akivuta kandambili zake kwenda jikoni.

Binti aligeukia upande wa pili na kujivutia shuka hadi shingoni. Maskini, alijisemea, neno moja tu na limemtoa jasho namna hii. Aliamini kwamba ugonjwa ulikuwa umeacha uzito kwenye vidole vya baba yake, na kwamba siku moja vingechangamka.

Nyumbani walimwita Kidole. Jina hilo lilimpata utotoni, kwa sababu hakuna kitufe kilichosalimika mbele yake. Alibonyeza kengele za watu, swichi za taa, hata mashine ya baba yake ya kunyolea, akajichonga njia katikati ya kichwa siku moja kabla ya picha za shule. Sasa alikuwa mtu mzima na kidole kilekile ndicho kilichomlisha. Alitengeneza programu za simu, akifanya kazi kwenye meza ya kulia chakula, kompyuta upande mmoja na bakuli la vitunguu vya mama yake upande wa pili. Hazikuwa programu za kutajwa popote. Moja ilimsaidia mwoka mikate kupokea oda, nyingine iliwakumbusha wazazi wa shule fulani saa ya basi la watoto. Wateja wake wakipiga simu alikwenda kusimama dirishani, ili wasisikie sufuria.

Baba yake alikuwa kinyozi, na huko saluni jina lake lilikuwa Redio. Hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alianza kuzungumza mteja anapovuka kizingiti, akaendelea wakati wa kumfunga shuka shingoni, wakati wa mkasi, wakati wa poda, na mteja alipokwisha kushuka kwenye kiti alisindikizwa na maneno mpaka barabarani. Wengine walinyolewa wakamaliza, wakarudi kukaa kwenye benchi kumsikiliza akimnyoa mwingine. Kisha ukaja ugonjwa wa koo. Madaktari waliondoa walichopaswa kuondoa, wakamwachia uhai wake, pumzi yake na hamu yake ya chakula. Sauti hawakuweza kumwachia.

Ndipo Kidole akamtengenezea programu ambayo hakuna mtu aliyemwagiza. Baba anaandika, anagusa duara la kijani chini ya maneno, simu inamsemea. Siku aliyoisikia mara ya kwanza mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema mume wake ameanza kusoma taarifa ya habari. Lakini kadiri miezi ilivyopita, taarifa ya habari ilizidi kuwa fupi. Ndiyo. Hapana. Maji. Na zaidi ya yote, sawa. Wateja wa zamani walikuja kumjulia hali, wakakaa, wakasimulia kirefu habari za mtaa, na yeye aliinamia simu akiandika na kuandika, mwisho wake ikatoka sawa. Wakaaga. Walioaga hivyo mara mbili au tatu hawakurudi upesi.

Kuna jambo jingine la familia hii ambalo sharti lielezwe. Shangazi, dada mkubwa wa Redio, aliishi mbali, na hakuwa mtu wa kukaa bila kujua ndugu yake ameamkaje. Kwa kuwa ndugu yake hawezi kusema haloo, shangazi alibuni njia. Anapiga, na ndugu yake anakata. Kukata kuna maana ya nimeamka salama na nimekula. Asipokata, shangazi anafunga mzigo anapanda basi. Habari ya mpango huo ilienea kwa wapwa, kwa binamu, kwa majirani waliohama, na kila aliyempenda Redio akawa anambipu akatiwe. Mama alikuwa akisema hajaona mtu anayekatia watu simu kutwa nzima, na wote wakashukuru.

Asubuhi ile ile ya maji, alikuja Mrefu.

Mrefu ndiye mwenzake Redio pale saluni. Walikuwa na viti viwili vinavyotazama kioo kimoja, tangu ujana wao. Aliinama kupita mlangoni kama anavyoinama kila mahali, Kidole akamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito. Alikaa, akavuliwa koti, akapewa chai. Akaisifu chai. Akasifu na kikombe.

Mwishoni alisema kilichomleta. Kuna kinyozi mwingine, mtu mzima mwenzao, mwenye mkono mzuri, anatafuta mahali pa kufanyia kazi. Amekiona kiti kitupu. Anataka jibu leo, kabla ya kufunga, kwa sababu amepata na mahali pengine. Mrefu alisema hakuja kufukuza mtu. Kiti ni cha Redio. Lakini wateja wanakikwepa kile kiti kitupu kama wanavyokwepa chumba cha mgonjwa, na yeye peke yake hawamalizi. Basi amekuja kuuliza.

"Unarudi au hurudi, Redio? Lolote utakalosema mimi nalipokea."

Redio alimtazama rafiki yake, akachukua simu, akaanza kuandika.

Kidole alikuwa mezani nyuma yao, kwenye kompyuta yake, na kutoka pale aliweza kuona bega la baba yake na, juu ya bega, kioo cha simu. Hakukusudia kuchungulia. Aliinua macho tu kutoka kwenye kazi yake, na akaona kwamba kioo kimejaa. Mistari juu ya mistari, imebanana kama ukurasa wa kitabu, na kidole cha baba yake kinakwenda juu yake vizuri kabisa, hakina uzito wowote. Mrefu alikunywa chai taratibu ili asionekane anasubiri. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

Simu ikaita. Picha ya shangazi ikafunika kioo chote, na kilemba chake na tabasamu lake. Redio akamkata, kama kawaida. Nimeamka salama, nimekula.

Na picha ya shangazi ilipoondoka, kioo kilikuwa cheupe.

Kidole alimwona baba yake akikitazama. Hakushtuka. Hakukasirika. Alikitazama kama mtu anavyotazama mvua inayomkuta njiani kila siku mahali palepale. Akaandika tena mstari mmoja, akasita. Mrefu alikuwa ameshatazama saa ya ukutani, si kwa ubaya, ila saluni ilikuwa imefungwa na watu wanasimama nje. Redio alimwona akitazama. Akaufuta ule mstari mwenyewe, akaandika kitu kifupi, akagusa duara la kijani.

"Sawa," ikasema mashine. "Mpe."

Mrefu aliweka kikombe chini. Alimshika mwenzake mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia haraka. Kisha akainama chini ya mlango, akaenda zake, koti amelisahau kwenye kiti.

Kidole alikuja kupiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, yale mengine yako wapi? Yale uliyoandika kwanza."

Baba akaandika.

"Yameondoka."

"Yameondokaje?"

"Huwa yanaondoka. Mtu akipiga."

Kidole akauliza tangu lini. Baba akainua mabega. Tangu mwanzo mwanzo. Akauliza kwa nini hakumwambia. Hapo Redio aliandika kwa muda, na Kidole aliomba moyoni mtu yeyote duniani asipige.

"Nilidhani ndivyo simu zilivyo. Na wewe ulikesha ukiitengeneza. Nitakwambiaje ina kasoro?"

Halikuwa kosa la simu. Kidole alijua ni nini kabla hata hajarudi kwenye kompyuta, na alipofungua kazi yake ya miezi ile aliukuta mstari wa maagizo mahali alipouweka kwa mkono wake. Katika wiki za kwanza, baba alikuwa ameacha simu kwenye stuli akaenda kuoga, katikati ya sentensi. Jirani mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa, mtu mwema asiye na makuu, aliiokota kuishangaa na akasoma kwa sauti kilichoandikwa: usiku naogopa kulala kwa sababu. Redio alitoka bafuni na taulo begani akakuta wote wanamtazama. Aliipokea simu yake, akatikisa kichwa kama anayeshukuru, akaingia chumbani, na siku ile hakuandika tena. Siku hiyohiyo Kidole aliongeza ule mstari: programu ikiondoka mbele ya macho, kwa sababu yoyote ile, futa yote. Alidhani amemwekea baba yake mlango wa chumba chake.

Hakufikiria kwamba si kila anayeondoka mbele ya macho ameondoka kabisa. Alimweleza mama yake, ambaye alikuwa amekaa sasa mezani na hataki kuondoka, kwamba programu ya simu ni kama mtu aliyekaa sebuleni. Akija mgeni mkubwa, kama simu inayoita, yule mtu huombwa apishe kidogo, aingie chumba cha nyuma. Hajafa. Anangoja kuitwa. Na kabla hajaingia huko huambiwa akusanye vitu vyake.

"Na mimi," alisema Kidole, "nilimwambia avitupe."

Mama akafikiri. Kisha akasema kwa hiyo miezi yote hii, kila aliyempenda mume wake alikuwa anampokonya maneno mdomoni. Akaziba kinywa chake mwenyewe kwa kiganja, maana naye humbipu kutoka sokoni.

Kidole hakutaka kulia kabla ya kazi. Alimwomba mama ampigie Mrefu. Mama alipiga, ikaita mpaka ikachoka. Mrefu akiwa na wembe mkononi hapokei simu hata ya nani. Ndivyo walivyokubaliana yeye na mwenzake tangu walipofungua. Basi ilibaki kwenda wenyewe, kabla ya kufunga, na kwenda na programu inayoweza kusema jambo refu mpaka mwisho.

Aliufuta ule mstari. Baba akaandika sentensi ya majaribio, mama akaenda jikoni akampigia, baba akamkata. Maneno yalikuwepo. Mama alirudi akipiga makofi. Redio, kwa raha, akajiegemeza kwenye kochi akainua miguu. Simu ikalala upande mkononi mwake, kioo kikageuka nacho, na maneno yakatoweka.

"Ndiyo maana sijilazi," ikasema mashine.

Kidole alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akikaa miezi yote hii, mgongo wima na simu imesimama, kama mteja mwenye wembe shingoni. Alidhani ni maumivu. Alirudi mezani. Simu inapogeuzwa upande hubomoa sebule nzima na kuijenga upya kwa upana mpya, na mtu aliyekuwemo huanza maisha tangu kuzaliwa. Haitoshi kutovitupa vitu vyake. Ni lazima viwekwe mahali, na viwekwe mapema, pale tu anapoombwa kupisha. Kwa maana huko chumba cha nyuma, simu ikielemewa na mizigo, humtoa mtu kimyakimya wala haimwambii kwaheri. Anayengoja kuagwa ndipo ahifadhi, atangoja bure.

Hivyo akaandika. Kisha akaielemeza simu makusudi. Alifungua picha, ramani, michezo, video za mapishi za mama, moja juu ya nyingine, mpaka simu ikapata joto mkononi na ikaitupa nje programu ya baba. Akaifungua tena. Maneno yalikuwa pale, na kile kijistari kinachopepesa kilikuwa kimesimama baada ya herufi ileile aliyoishia baba.

Redio alikitazama kile kijistari kwa muda. Kisha akaandika, na mama na binti wakasubiri.

"Vizuri. Lakini na watu? Mwenye kuiokota si ataona?"

Kidole alikuwa ameshalifikiria. Alimwonyesha. Programu ikirudi kutoka nyuma, maneno yanakuwa chini ya shuka jeupe, na shuka haliondoki mpaka kidole gumba cha baba mwenyewe kiguse kioo. Hata ile picha ndogo inayoonekana mtu anapopitia programu zilizo wazi, aliifanya tupu. Baba akajaribu kwa gumba lake. Akampa mama ajaribu kwa lake, shuka halikutikisika.

"Mke wangu," ikasema mashine, "umeishi na mimi miaka yote hii, na bado kuna mahali huingii."

Mama akampiga begani kwa mwiko. Kidole aliwasikiliza wawili wale akiwa ameinamia kompyuta, na aligundua kwamba tangu mchana ulipoanza, kila sentensi ya baba ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia.

Kilibaki kitu kimoja, nacho kilimlia alasiri nzima. Mashine ikiwa katikati ya kusema, simu ikaita, ilinyamaza, sawa. Lakini ikiruhusiwa kuendelea ilianza upya kutoka neno la kwanza. Redio alisema itamzeesha kabla ya wakati, watu watadhani amesahau kwamba ameshasema. Kidole akaifundisha programu kuweka alama kwenye kila neno linapotoka, ili ijue ilipoishia. Jua lilikuwa limeshashuka kwenye kuta za nyumba za mbele walipofunga mlango. Mama alibeba koti la Mrefu.

Saluni ilikuwa bado wazi. Mrefu alikuwa na mteja kwenye kiti, kidevu kina povu, na wawili watatu kwenye benchi. Kiti cha pili kilikuwa kitupu na kitambaa chake kimekunjwa vizuri juu yake. Mmoja wa waliokaa kwenye benchi alikuwa fundi saa wa mtaa ule, mzee mwenye nywele zilizokwisha kufunika masikio. Tangu Redio augue hakukubali kunyolewa na mtu mwingine, na alikuja kila wiki kuuliza tu, kisha akarudi na nywele zake.

Redio hakukaa. Alisimama katikati, karibu na kioo, akainua simu kama mtu anayeinua taa, akagusa duara.

"Mrefu," ikasema mashine, na saluni ikatulia. "Asubuhi nilikwambia mpe. Nilikuwa nimeandika mengi, simu ikayameza, nikaona nakuchelewesha. Niliyoandika ni haya. Koo langu limekatwa, mikono yangu haikuguswa. Naweza kunyoa leo, naweza kunyoa kesho. Sikurudi kwa sababu niliogopa. Siogopi kazi. Naogopa watu waje kwa huruma, wakae kwenye kiti changu wamekunja uso, hakuna anayesema neno, na mimi niwanyoe kama"

Simu ikaita. Kilemba cha shangazi, tabasamu la shangazi. Alikuwa amezidisha siku hiyo. Pengine mama alikuwa amemwambia kitu. Mashine ikanyamaza na saluni yote ikanyamaza nayo. Mrefu alikuwa ameganda na wembe hewani, mteja wake ameganda na povu lake. Redio akakata. Shuka jeupe. Akaweka gumba.

"maiti," ikasema mashine.

Kisha fundi saa akaachia kicheko kutoka ndani ya nywele zake, na benchi likafuata, na mteja wa Mrefu akacheka akajimwagia povu kifuani. Mrefu ilimbidi aweke wembe chini. Redio aliwatazama mmoja mmoja. Miaka yake yote ya kuzungumza hakuwahi kusimama vizuri namna ile kabla ya neno la mwisho, na uso wake ulionyesha kwamba analijua hilo na kwamba atalitumia tena.

"Kwa hiyo nakitaka kiti changu," ikamalizia mashine. "Nimemaliza. Sasa sema wewe."

Mrefu alijifuta mikono kwenye taulo, polepole, kidole kwa kidole.

"Namba ya yule bwana ninayo," alisema. "Kutwa nzima natafuta simu nimpigie. Nimetafuta kwenye droo, nimetafuta chini ya taulo."

"Si hiyo mfukoni," akasema mteja mwenye povu.

"Najua iko wapi," akasema Mrefu.

Akamwambia mwenzake kwamba atampigia yule bwana sasa hivi ili asipoteze na kule kwingine, na kwamba Redio aache kusimama katikati ya watu kama mkaguzi, achukue kitambaa chake. Mama akamkabidhi koti lake. Mrefu akalivaa palepale, kwenye joto la saluni, akasahau kulivua.

Fundi saa alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti kabla hajaalikwa. Redio alimfunga shuka shingoni, akalipapasa mabegani likalala sawa. Alichukua mkasi, akaurudisha. Akachukua simu. Kidole, kwenye benchi, alielewa tatizo wakati huohuo baba yake alipolielewa: mwenye mkasi mkononi hana mkono wa kuandikia.

Redio alimwonyesha fundi saa simu, akainua kidole kimoja, ngoja.

"Andika tu," alisema fundi saa. "Watu wananiachia saa zao mwaka mzima na hawanisumbui."

Basi akaandika, amesimama nyuma ya kiti, na saluni ilisikia ukucha ukigonga kioo. Katikati yake mpwa mmoja alibipu, akakatiwa. Baadaye binamu. Hakuna aliyejali, wala mwandishi mwenyewe. Aliweka gumba akaendelea kutoka herufi ileile. Kisha akaitegemeza simu kwenye kioo, kati ya poda na spiriti, akagusa duara, akashika mkasi na kitana.

Mashine ikaanza kusimulia habari ya bwana harusi aliyekuja kunyolewa asubuhi ya harusi yake, akiwa hajalala usiku kucha kwa furaha. Kunyolewa upande mmoja wa ndevu tu, usingizi ukamchukua. Vinyozi wawili walimkoholea, hakuamka. Walimwita kwa jina, akajibu kwamba anakuja, akalala zaidi. Mrefu, ambaye alikuwepo siku ile, alikuwa ameanza kutikisika mabega. Nywele za fundi saa zilianguka sakafuni, nyeupe, nyingi, masikio yake yakatokea moja baada ya jingine. Mkono wa Redio ulikwenda na habari, ukipunguza mwendo pale habari ilipopunguza. Ndipo mlango ukafunguliwa, ikasema mashine, na aliyeingia alikuwa ni baba wa bibi harusi, amekuja naye kunyolewa, akakaa kiti cha pili, akamtazama huyu aliyelala nusu ndevu, akauliza: huyu mlevi ni nani?

Hapo ikanyamaza.

Redio alipiga poda shingoni, akafungua shuka, akalikung'uta. Nje taa za barabarani zilikuwa zimeanza kuwaka. Fundi saa alibaki kwenye kiti na kichwa chake kipya, akimtazama kinyozi wake kupitia kioo.

"Halafu?" alisema.

Redio alijifuta mikono. Akachukua simu, na kila mtu kwenye benchi akasogea mbele kidogo, Kidole akiwa mmoja wao.

"Iliyobaki bado sijaiandika," ikasema mashine. "Njoo tena. Njoo hata kama nywele hazijaota."